Mguu Ambao Mama Alijua Umepona

Kabla ya kufika kwa mama nilikuwa nasimama kwanza kwa muuza makaa, pale kwenye kona, mahali ambapo mama hawezi kuniona hata akiwa amekaa mlangoni. Hapo nilimpa yule mwanamke fimbo yangu aniwekee nyuma ya magunia. Nilivua kandambili ya mguu wa kulia nikaitia kwenye mfuko, nikaingiza mguu kwenye kiatu cha kufunika. Hicho kitendo cha kuingiza mguu kwenye kiatu, jamani, sina maneno yake. Nilikuwa nauma ncha ya kitambaa changu cha kichwani ili nisipige kelele mtaani. Muuza makaa ni mtu wa maneno mengi, hana siri na hana breki, lakini dakika hizo alikuwa anageukia upande wa pili na kupangapanga makopo yake. Halafu nafuta macho, napumua, na kuzimaliza zile hatua zilizobaki kama mtu mwenye miguu yake miwili mizima anayekwenda kunywa chai kwa mama yake.

Mama akiniona anawaita majirani. "Tazameni mwanangu anavyotembea! Hebu mtazameni!" Na mimi natembea. Natabasamu na kutembea, na moyoni namtukana kila aliyewahi kutengeneza kiatu duniani.

Mama aliamini kwamba mashine iliyowekwa ndani ya mwili wangu imeniponya mguu. Haikuniponya. Na mimi nilikuwa nimeapa kwamba atakwenda kaburini bila kujua.

Niseme kwanza mama alikuwa nani, la sivyo hamtaelewa kiapo changu. Mama alitulea Bujumbura, ukimbizini, kwenye mtaa ambao watu wote walisalimiana kwa Kiswahili, Mkristo kwa Mwislamu, na mimi Kiswahili hiki nilikiokota kule uani pamoja na utoto wangu. Tuliporudi Rwanda, watoto wake tukatawanyika Kigali kila mtu na upande wake, lakini yeye alikataa katakata kukaa kokote isipokuwa Rwezamenyo. Alitaka kuamka asubuhi asikie mtu anauliza "habari za kulala" dirishani. Mkatoliki wa rozari shingoni, na sikukuu ya Idi alikuwa anapokea sahani za pilau kutoka nyumba zote za mstari wake. Alikuwa na adabu mpaka inaudhi. Hajawahi kumwambia mtu yeyote kwamba chai yake haina sukari ya kutosha.

Mimi sikumfuata kwa hilo. Mimi nina ulimi, waulize mafundi wenzangu wa Kimironko. Nilikuwa nashona pale sokoni, upande wa vitenge, kwa cherehani ya kukanyaga ambayo ilikuwa yangu mwenyewe. Siku moja natoka kazini, mvua imetoka kunyesha, moto niliyopanda, yaani pikipiki ya abiria, ikateleza kwenye kona ikanilalia mguu. Dereva akaamka, mimi nikaamka, tukapeana pole, kila mtu akaenda zake. Kimfupa kidogo tu kilikuwa kimevunjika. Kikaunga vizuri. Kila mtu alifurahi isipokuwa mguu wenyewe.

Maumivu yalibaki. Yalibaki, kisha yakakua, yakajijengea nyumba. Ni kuungua, lakini hakuna kidonda. Shuka likinigusa wayo naruka. Tone la maji ya kuoga likiangukia vidole, naona giza. Kuna saa mguu unageuka rangi ya biringanya na unakuwa baridi ukiushika, huku ndani unawaka vilevile. Nimekwenda hospitali hii na ile, wakapiga picha, na kila daktari alishika ile picha juu kwenye mwanga na kusema neno moja: safi. Picha iko safi, mama. Nilikuja kulichukia neno hilo kama jina la mtu aliyeniibia mume.

Mume mwenyewe, tukiacha utani, alishaondoka kabla ya mguu. Hiyo ni habari nyingine na wala haina maana.

Sisi tuna neno letu la pole, wihangane, yaani vumilia. Umefiwa, wihangane. Umeibiwa, wihangane. Mguu unakuwakia tangu asubuhi kama mtu aliyekanyaga majivu ya moto, wihangane. Nilifika mahali nikiliona tu linakuja kwenye midomo ya mtu, namwahi: "Nimeshavumilia, sema lingine." Watu wakaanza kusema nimekuwa mkali. Ndiyo, nilikuwa mkali! Mlitaka niimbe?

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, mtaa mzima unatoka na majembe na mafagio kusafisha mifereji, na mimi nimekaa kwenye kigoda getini. Walikuwa hawasemi kitu. Walikuwa wananitazama mguu tu. Hauna uvimbe, hauna kovu la maana, kucha nimezikata vizuri. Basi nikaanza kuufunga bandeji siku za umuganda, bandeji ya bure kabisa, ili macho yao yapate pa kutua. Wakaanza kunipa pole. Bandeji yenyewe ilikuwa inaniunguza kuliko chochote, lakini afadhali kuungua kuliko kuonekana mvivu.

Na kazi? Cherehani ya kukanyaga inataka miguu miwili. Nilijifunza kukanyaga na wa kushoto peke yake, mshono ukawa unakimbia na kusimama, unakimbia na kusimama. Wateja wangu waliniacha kwa adabu ya Kigali, ambayo ni mbaya kuliko matusi. Hawakulalamika. Walinisalimia vizuri, wakaniulizia watoto wa ndugu zangu, wakapita na kitambaa chao mpaka kwa fundi wa pili.

Ndipo wakaja madaktari wageni. Walikuwa kikundi kidogo kutoka ng'ambo, wamekuja na mashine zao chache kwa ajili ya watu wa maumivu ya mishipa, na hospitali moja ya hapa mjini ikanipeleka kwao. Mashine inafanyaje kazi? Nilivyoelewa mimi, wanapitisha nyaya nyembamba mgongoni, karibu na uti, halafu kuna betri ndogo inayotuma umeme kidogo kwenye mishipa ya fahamu. Unasikia mtetemo badala ya maumivu. Kwanza wanajaribu: nyaya zinaingia, lakini betri inabaki nje, umeivaa kiunoni kwenye mkanda, siku chache tu. Ukiona maumivu yamepungua nusu, wanakufungua na kuiweka betri ndani, chini ya ngozi, juu kidogo ya tako. Ukiona hayajapungua, wanazivuta nyaya, unarudi nyumbani, na mashine inajaribiwa kwa mwingine. Walirudia kunieleza hilo: sema kweli, wewe ndiye unayejua.

Lakini huku kwetu mgonjwa halazwi peke yake. Analazwa na murwaza wake, mtu wa nyumbani ambaye analala kwenye mkeka chini ya kitanda chako, anakuletea uji kwenye chupa ya chai, anakufulia, na anakusemea. Hilo la kukusemea hakuna aliyelipitisha, ila kila muuguzi analijua. Akifika kitandani anamuuliza murwaza, "Ameamkaje?" Mgonjwa yupo pale, mdomo anao. Lakini kazi ya mgonjwa ni kuumwa tu, na kazi ya kusema ni ya mwenzake.

Murwaza wangu alikuwa mama. Nilimwambia, mama, wewe ni mzee, sakafu ya hospitali ina baridi, tutamtuma mmoja wa watoto wa kaka. Akanitazama mpaka nikanyamaza. Akaja na mkeka wake, na rozari, na sufuria ya mchuzi wa isombe, kisamvu chetu, ambao wodi nzima ilikula.

Sasa, ile mashine ya majaribio. Mtetemo ulikuja, sikatai. Ulishuka kwenye paja, ukashuka kwenye shavu la mguu, na pale juu ya kifundo ukakwama. Mtaalamu wao, msichana mwenye kompyuta ya mkononi, alipandisha, akashusha, akahamisha hiki na kile. Wayo wangu uliendelea kuwaka kama kawaida yake. Kwenye shavu la mguu, ambako sikuwahi kuumwa hata siku moja, nilikuwa nimestareheshwa kweli kweli. Nilikuwa nimejiandaa kusema: bado. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi neno hilo moja.

Siku ya kuulizwa wakaja wote, wakazunguka kitanda. Daktari mkubwa alikuwa mtu mrefu, mwenye uso wa uchovu, anatoka jasho. Akauliza kwa lugha yake, muuguzi wetu akatafsiri: je, maumivu yamepungua? Na alipotafsiri hakunitazama mimi. Alimtazama mama, kama kawaida.

Mama akainuka kutoka kwenye mkeka. Akafunga kitenge chake vizuri. Akasema, "Mwambie daktari amepona. Mtoto wangu amepona. Mwambie tunashukuru sana, Mungu ambariki yeye na nyumba yake na mikono yake." Halafu akampa daktari mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto akajishika kiwiko, kichwa ameinamisha, hivi tunavyompa mkono mgeni, au mkubwa, au mtu aliyetuletea zawadi. Daktari machozi yakamlengalenga. Watu wazima, wamesafiri kutoka huko kwao, na bibi kizee anawashukuru hivyo! Hata wewe ungelia.

Akanigeukia. "Kweli?"

Mama hakusema uongo, na hapo ndipo penye kisu. Mchana wa jana yake wauguzi walinichoma sindano ya kutuliza, nikalala usingizi mzito na shuka limenifunika mguu. Mama alikaa ananitazama. Hajawahi kuniona nimelala hivyo tangu ajali. Yeye aliiona mashine imefanya kazi kwa macho yake mwenyewe. Na juu ya hilo, mtu ametoka mbali amekuletea zawadi, anakuuliza je, zawadi yangu nzuri? Mama angejibu nini? Alilelewa hivyo na alinilea hivyo. Na mimi, mwenye ulimi, nimkanushe mama yangu mzazi mbele ya wageni waliozunguka kitanda? Nilimtazama. Bado alikuwa amejishika kile kiwiko.

Nikasema ndiyo.

Wakanipasua, wakaiweka betri ndani, wakatupiga picha, wakafunga mizigo yao wakaondoka. Walisema watarudi.

Nilimlaumu mama. Sitaki kujifanya mtakatifu hapa. Nilikuwa nakunywa chai yake na kumlaumu kwa kila mkupuo, huku nasema chai tamu. Lakini furaha aliyokuwa nayo! Alinitolea misa ya shukrani. Majirani zake Waislamu wakaja uani wakasema alhamdulillahi, wakaleta maandazi. Mama alisimama katikati yao akasimulia mwanzo mpaka mwisho, jinsi alivyolala kwenye sakafu ile na jinsi alivyomjibu daktari. Ilikuwa ndiyo simulizi yake kubwa. Mtu aliyepoteza alivyopoteza yeye, akakimbia, akazika, akarudi na mikono mitupu, hatimaye amepata kitu kimoja alichokifanya na kikawa. Nani angemnyang'anya? Mimi?

Basi nikaanza kutembea. Kiatu, kona, muuza makaa.

Mashine ilikuja na rimoti, kidude cha kukaa kiganjani, chenye taa ya kijani. Mama aliipenda kuliko rozari, Mungu anisamehe. Nikifika tu ananiuliza, "Umeichaji?" Kisha anaomba aishike. Anafuta vidole kwenye kitenge, anabonyeza kile kitufe cha kupandishia kwa kidole gumba, polepole, anauliza, "Inatulia?" Na mimi nasema, "Aah, inatulia, mama." Ikawa mchezo wetu. Chai, rimoti, inatulia, basi.

Halafu mashine ikafa. Asubuhi moja rimoti iliwasha taa yake kama kawaida lakini haikuipata betri iliyo mwilini, na mtetemo wa shavu la mguu ukapotea. Hospitalini walinipokea vizuri. Walinieleza kwa upole kwamba kompyuta inayozungumza na mashine yangu iliondoka na wenyewe, na nyaya huenda zimesogea, na la kufanya ni kusubiri warudi. Nikauliza, wanarudi lini? Wakasema, wihangane. Nikauliza, basi mnitoe hiki kitu. Wakasema kuitoa ni upasuaji mwingine karibu na uti wa mgongo, na hapa hapana anayetaka kugusa kazi ya mwingine. Nilitoka pale nikiwa na chuma ndani yangu ambacho hakuna mtu hata mmoja nchini anayeweza kuongea nacho.

Kigali huingii duka kubwa, wala hoteli, wala ofisi, bila kupita kwenye mlango wa ukaguzi. Mimi nina kadi inayosema nisipite pale. Kila mara ni vita. "Mama, pita." "Sipiti, nina mashine mwilini." "Mashine ya nini?" "Ya mguu." Askari anautazama mguu. "Iko wapi sasa, kwenye mguu?" "Iko matakoni, kijana, unataka kuiona?" Hapo wanamwita mwenzao wa kike haraka. Nyuma yangu foleni inajaa watu wenye subira, wanatazama simu zao. Mlango ule ndio ulikuwa kitu pekee mjini kinachoamini mashine yangu ni nzima. Mlango ule na mama.

Kisha mama akaanza kuumwa. Ilianza kama uchovu, ikaja kuwa maumivu ya paja, na walipompiga picha yake, picha ya mama haikuwa safi. Ugonjwa ulikuwa umekwisha kula mfupa. Walituita pembeni, sisi watoto, wakasema hakuna cha kupasua, mpelekeni nyumbani akae kwake, atapewa dawa ya maumivu. Ndugu zangu wana kazi na watoto. Mimi nilikuwa na cherehani isiyo na wateja. Nikahamia Rwezamenyo, nikawa murwaza wa mama.

Sasa hakukuwa na kona wala muuza makaa wa kushika fimbo. Nilikuwa mbele ya macho yake kutwa. Nilivaa kile kiatu tangu anapoamka mpaka anaposinzia, nikichota maji, nikipika, nikimgeuza. Nilipata nafuu moja tu: akilala chali alikuwa haoni chini ya kitanda, basi nikimlisha nilikuwa nakivua kiatu kimyakimya na kuuweka mguu kwenye saruji baridi.

Dawa ilikuwa morfini ya maji, kwenye chupa, unapima kidogo kwa sindano isiyo na ncha na kumtilia mdomoni. Muuguzi wa kituo cha afya alikuwa anakuja kuangalia kama kiasi kinatosha. Msichana mzuri, mpole, viatu vyeupe. Anakaa kwenye kigoda anamuuliza, "Bibi, maumivu yakoje?"

"Buhoro buhoro," mama anamjibu. Taratibu tu, kidogo tu. "Naendelea vizuri, mwanangu. Umekunywa chai?"

Mara ya kwanza nilinyamaza. Mara ya pili nikasema mimi, maana sasa murwaza ni mimi, kusema ni kazi yangu. "Anakudanganya. Anaumwa sana. Asubuhi namkuta ameuma kona ya shuka mpaka imetoboka. Muongezee dawa."

Muuguzi akamtazama mama. Mama alikuwa anatabasamu. Alikuwa amejipangusa uso, amevaa kitambaa chake kizuri cha kichwani kwa sababu mgeni anakuja, na jasho limemjaa juu ya mdomo. "Mwanangu ana wasiwasi," akasema. "Tangu utoto. Ni kidogo tu, binti, Mungu akubariki."

"Bibi mwenyewe anasema ni kidogo," yule msichana akaniambia mlangoni, kwa huruma. "Dawa hii haiongezwi hivi hivi." Mama aliponisemea mimi walinipasua. Mimi niliposema kwa ajili yake hawakuongeza hata tone. Nilitaka kumrukia yule mtoto wa watu. Nikamshukuru, nikamsindikiza.

Mama hakuniongelesha mpaka jioni. Kisha akasema, uso ameuelekeza ukutani, "Umeniaibisha mbele ya mgeni."

"Mama, yule si mgeni. Ni muuguzi."

"Amekuja nyumbani kwangu. Ni mgeni."

Nikatoka uani nikalia kwa hasira, nikiwa nimekaa juu ya ndoo. Nililia kwa ajili yake, na kwa ajili ya mguu wangu, sijui kwa kipi zaidi.

Wiki za mwisho alikuwa haongei sana. Mchana mmoja mvua ilinyesha, ile ya kupiga bati mpaka watu hawasikilizani, na nilikuwa nimekaa karibu naye nakunja nguo. Nilimpa dawa yake muda si mrefu. Mvua ilipopungua nikaona ananitazama. Alikuwa na uso wa kijivu.

"Kile kimashine chako," akasema.

"Kimefanyaje, mama?"

"Kilete. Niwekee na mimi."

Nilijua ameona aibu kuomba. Mama haombi. Alikuwa amesubiri mpaka mvua imezuia majirani wasiingie, ndipo akaomba. "Wewe kimekuponya," akasema. "Na mimi niwekee kidogo tu. Nimechoka."

Nilifungua mdomo. Nitasema nini? Mama, hakikuniponya. Mama, ulimjibu vibaya yule daktari, na miaka yote hii nimekuja kwako natembea juu ya moto ili usijue. Kimekufa humu ndani, hakuna anayeweza kukiamsha, hapa hakuna cha kutuponya wewe wala mimi. Nimwambie hayo sasa, akiwa na uso ule?

Nikaenda kwenye mkoba wangu nikatoa rimoti. Nikaibonyeza, taa ya kijani ikawaka. Nikafunua shuka taratibu, nikaiweka juu ya paja lake, pale mfupa ulipokuwa umekwisha. Paja lilikuwa limebaki ngozi tu. Nikabonyeza kitufe cha kupandishia kwa kidole gumba, polepole, kama alivyokuwa akinifanyia yeye. Nikabonyeza tena.

"Inatulia?" nikauliza.

Alifumba macho, anasikiliza ndani ya mwili wake kwa makini kabisa. Nilimwona anaitafuta nafuu. Nilimwona anaikosa, kwa sababu taya lake lilikaza. Kisha akafumbua macho, akanitazama kwa tabasamu ambalo nililijua vizuri, lile la muuguzi, lile la wodini.

"Imetulia," akasema. "Imepoa. Asante sana. Mungu akubariki, na mikono yako."

Akainua mkono wa kulia kunipa. Na mkono wa kushoto, ule ambao siku hizo hakuwa anaweza kuunyanyua hata kushika kikombe, akauburuta juu ya shuka mpaka ukafika kwenye kiwiko chake, akajishika, akainamisha kichwa kwenye mto.

Mama hakuwahi kunishika mkono hivyo maisha yangu yote. Mtoto hashikwi hivyo na mama yake. Niliupokea ule mkono kwa mikono yangu miwili, na chini ya kitanda mguu wangu ulikuwa unawaka ndani ya kiatu.

"Na wewe, mguu?" akaniuliza.

"Umepona, mama," nikamwambia.